Moyo wa Matumaini Si Kufumba Macho

Mkulima mmoja wa upande wa Dagoretti ameniuliza swali ambalo nimelifikiri juma zima. Asema hivi: "Ninyi mnaokaa ofisini hutuambia kila siku tuwe na moyo wa matumaini. Je, moyo wa matumaini hununua mbolea?"

Nakiri kwamba haununui. Tena wako watu mjini siku hizi ambao hukodi ukumbi wa hoteli na kutoza kiingilio, wakawafundisha wenzao kutabasamu mbele ya kioo na kujiambia kuwa mambo yote ni mema. Mtu ambaye mahindi yake yameliwa na viwavi hapati faida yoyote katika mafunzo hayo. Mambo si mema, naye ajua. Moyo ninaousifu mimi ni mwingine kabisa. Ni ule wa kuyaona mambo jinsi yalivyo, bila kuyapunguza hata chembe, kisha kuuliza ni kitu gani kilichobaki mkononi na chaweza kufanya kazi gani.

Ukipita Westlands na kushika njia ya Lower Kabete, utafika Kenya School of Government, mahali ambapo watumishi wengi wa Serikali hupelekwa kuongezewa maarifa. Zamani palikuwa na Jeanes School. Katika mwaka wa 1948 aliingia huko kijana mmoja kujifunza kazi ya bwana afya. Hakuja kwa sababu aliitamani sana kazi hiyo. Alikuwa ametoka shule ya Mang'u kwa kuwa baba yake, mfanyakazi wa shamba la katani huko Kilimambogo, hakuweza kuendelea kumlipia karo. Kijana huyo ni Tom Mboya.

Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Masomo yamekatika, na kazi iliyopatikana si ile tuliyoiota. Wapo wanaokaa miaka thelathini juu ya kiti wakinung'unikia karo ya zamani. Mboya alisoma kazi yake vizuri, akachaguliwa kuwaongoza wanafunzi wenzake, na baadaye, akiwa mtumishi wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, aliendelea kusoma kwa njia ya posta.

Katika kitabu chake kiitwacho Freedom and After, kilichotolewa mwaka wa 1963, asimulia kisa ambacho kila karani yampasa akijue. Siku moja alikuwa peke yake kazini. Mama mmoja wa Kizungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro.

Watu hukicheka kisa hiki kwa ajili ya ujasiri wa jibu lile, nao ni ujasiri kweli kwa miaka ile. Lakini mimi natazama jambo lililo nyuma ya jibu. Kijana yule alikuwa analipwa mshahara mdogo sana kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile, na kila siku aliambiwa kwa njia hii au ile kwamba yeye si kitu. Hakujidanganya kwamba mambo ni mema. Hata hivyo hakukubali kujiona kwa macho ya yule mama.

Hapa niruhusiwe kusema neno na makarani wenzangu, hata kama baadhi yao watanikasirikia. Mkulima atoka Kawangware au Uthiru alfajiri, alipa nauli, afika mjini na karatasi zake ndani ya mfuko, asimama mbele ya dirisha letu. Nasi twaandika, twazungumza juu ya mpira, twanywa chai. Ingekuwa afadhali kama tungemwambia arudi kesho, maana angalau angejua ameonekana. Je, tofauti yetu na yule mama wa chupa ya maziwa iko wapi? Mtu akikosa kuonwa mara nyingi, huanza kuamini kwamba hayupo, na hapo hakuna mhadhara wa hotelini utakaomponya.

Sasa nirudi kwa swali la mbolea. Mwezi wa Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma kwa ajili ya mshahara. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Mboya, ambaye tangu 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na miaka ishirini na mitatu tu, aliteremka pwani. Hakuwaambia watu wavumilie na kutabasamu. Aliwashawishi warudi kazini, madai yao yakapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, na hesabu za maisha yao zikatolewa huko. Wakapata nyongeza iliyokaribia theluthi moja ya mshahara. Basi, bwana mkulima, matumaini ya namna hii hayanunui mbolea, lakini huwakusanya wakulima kumi wenye shida moja, huwafanya waandike bei waliyolipa na magunia waliyovuna, kisha hupeleka karatasi hiyo kwa mwenye uwezo wa kuijibu.

Mwaka wa 1959 Mboya alitafuta msaada Marekani, na ndege moja ikawachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma vyuo vya huko. Wako wakubwa wa wakati ule waliovibeza vyuo hivyo. Wazazi hawakungoja sifa zao. Wengine waliuza mali, na majirani wakachanga fedha za nguo na za safari.

Katika kundi lililofuata, mwaka wa 1960, alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye twamjua zaidi kwa jina la Wangari Maathai. Alirudi mwaka wa 1966 akiwa na ahadi ya kazi katika Chuo Kikuu, akakuta kazi imepewa mtu mwingine. Akatafuta nyingine, akaipata Chiromo katika idara ya mifugo, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya udaktari, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka wa 1977 alipanda miti saba Kamukunji. Mingi ilikufa. Akapanda mingine kwingine.

Ilipotangazwa mwaka wa 1989 kwamba jumba la ghorofa sitini litajengwa ndani ya Uhuru Park, alianza kuandika barua kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo. Bungeni alitukanwa, na shirika lake likatolewa katika ofisi zake. Jumba lile halikujengwa, na bustani ipo mpaka leo, mwendo mfupi kutoka Moi Avenue, mahali ambapo Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka thelathini na minane.