Binti wa mbio naye akatiwe ugali

Ukipita karibu na uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega alfajiri, huenda ukawaona kaka na dada wakikimbia bega kwa bega. Bidii ni moja, lakini misuli yao haichomi kuni zile zile.

Msuli hupata nguvu kutokana na sukari, inayotoka kwenye vyakula kama ugali na viazi, na pia kutokana na mafuta. Wataalamu wamepima wakaona kwamba katika mazoezi marefu yasiyo ya kasi sana, mwanamke kwa kawaida huchoma mafuta zaidi na kuweka sukari akiba. Homoni ya kike, estrojeni, huchangia hali hiyo. Mwanamume humshinda kwa kasi kwa kuwa ana misuli mingi na damu inayobeba oksijeni nyingi zaidi.

Basi mzazi, mbona jioni mvulana akatiwe bonge la ugali na dada yake kipande, eti wasichana hawali sana? Nawe binti, usishinde njaa ukitaka kupungua. Kuchoma mafuta si ruhusa ya kukosa chakula! Anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha aweza kukosa hedhi na mifupa yake ikadhoofika. Hedhi yenyewe huondoa madini ya chuma mwilini, kwa hivyo maharagwe, mboga na nyama zisimpite.

Leo jioni gawa ugali kwa kutazama jasho, si jinsia.