Radio ya kichwa imetoka safi. Je, tulale?



Jumamosi, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, mwenzetu mmoja alituelezea yaliyompata. Mwanaye wa miaka minne alianguka toka juu ya mti wa avoka, akagonga kichwa. Mama akamkimbiza kwa pikipiki, wakamtuma kupiga radio. Ikatoka safi. Akamshukuru Mungu, akarudi nyumbani, akapika. Usiku mtoto akatapika mara tatu, akawa hajibu vizuri akiitwa. Mama akangoja mpaka asubuhi, kwa sababu ile picha ilisema hakuna kitu. Kwenye hospitali kubwa skaneri ikaonyesha damu, mtoto akapasuliwa. Leo anacheza. Lakini masaa yale ya kungoja yanamsumbua mama hadi sasa, na hakuna kati yetu aliyemlaumu. Wote tungefanya vile.

Radio inaonyesha mfupa. Ubongo hauonekani humo, wala damu inayovuja ndani ya fuvu. Mfupa unaweza kuwa mzima na damu inavuja. Skaneri ndiyo inaona damu, ila kwetu haiko kila mahali, inaomba safari na pesa, na mionzi yake ni mingi kuliko ya radio. Mwili wa mtoto unaumizwa na mionzi kuliko wetu sisi wakubwa, ndiyo maana muganga mzuri haiagizi kwa kila nundu. Kule Marekani waganga walifuata watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa, wakatoa matokeo mwaka 2009: wenye jeraha kubwa la ubongo hawakufika hata mmoja kwa mia. Basi muganga akisema, "Tumweke masaa manne hadi sita, tumwangalie," tusimwite mvivu. Kuangalia ni kazi.

Kwa mtoto chini ya miaka miwili, nundu ya pembeni au ya kisogoni inatisha kuliko ile ya paji la uso. Kuanguka toka karibu mita moja, kama mezani au mgongoni mwa mama aliyesimama, kunatosha kumpeleka aonwe. Na tulifurahi kujua kwamba kati ya maswali ya waganga wale, moja ni la mama: je, mtoto huyu yuko vile anavyokuwa siku zote? Kwa hiyo usione haya kumwambia muganga, hata kama ana haraka, "Huyu si mtoto wangu wa kila siku."

Rudi mbio, hata kama radio ni safi, ukiona anatapika tena na tena, anashtuka kwa degedege, haamki vizuri, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu umelegea, maji meupe au damu inatoka puani au masikioni, utosi umevimba, au kichwa kinazidi kuuma. Kulala si kosa, ila umwamshe usiku uone kama anakujua. Parasetamoli inafaa, aspirini hapana. Kijiko cha moto juu ya nundu, tuache.

Mwenzetu aliuliza: na pesa ya motari usiku? Tumekubaliana itoke kwenye sanduku la kikundi. Mweka sanduku amesema mlango wake ugongwe saa yoyote.