Spana Mkononi: Sisi Tunaoyapenda Magari ya Zamani Ndio Tunaoyaua

Wadau, nimepotea wiki mbili, naomba radhi. Sikuumwa wala sikutumwa na mhariri. Nilikuwa Morogoro, na sehemu kubwa ya likizo yangu niliimalizia nikiwa nimelala chali chini ya gari bovu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1979, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyewahi kumfundisha mama yangu. Alilipaki chini ya mwembe mwaka 2008, akisema ataliamsha akipata kiinua mgongo. Kiinua mgongo kikaja, kikaezeka nyumba, gari likabaki pale pale. Sasa anahamia Dodoma kwa binti yake. Kiwanja kimeuzwa, na mnunuzi anakitaka kitupu ifikapo mwisho wa mwezi. Vijana wa vyuma chakavu wameshapita na kutaja bei yao. Mwalimu akaniambia: "Mwanangu, toa hiyo hiyo ya kwao, nikupe wewe. Sitaki kuliona likikatwa vipande."

Niliporudi kazini nikasimulia. Chumba cha habari kizima kikacheka. "Kimeo kingine tena?" Mmoja akasema kijana mwenye digrii anunue IST kama watu wote, aachane na ulimbukeni wa wazungu. Mchumba wangu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Na hili litaisha lini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni kelele. Lakini ngoja nizijibu kelele kwanza, maana zimezoea kupita bila kujibiwa.

Kelele ya kwanza: eti magari ya zamani ni mchezo wa wazungu na matajiri. Hivi mnajua 504 ilikuwa gari la nani? Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na ikawa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, sawa. Lakini jina lake lilijengwa Afrika. Kenya ilikuwa ikipakia abiria wa safari ndefu. Hapa kwetu ilibeba wakuu wa idara, mapadri, na walimu kama huyu wa Morogoro, aliyelipa mkopo wake kwa mshahara wa chaki. Wafaransa waliacha kuunda saluni ya 504 kwao mwaka 1983. Kenya ilikuwa bado inaunganisha 504 hadi mwaka 2004.

Na kabla ya 504 kulikuwa na 404. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote akiwa na Peugeot 404. Mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho wa mbio hizo, na la kwanza lilikuwa 404. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na toleo lake la milango miwili. Wafaransa walitengeneza gari, ila ni matope yetu yaliyolipa heshima. Historia hiyo ni yetu. Anayeiita ulimbukeni hajui anachokitupa.

Kelele ya pili: "Vipuri hakuna, kafunge injini ya Toyota, maisha yaende." Hii inaniudhi zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wanaojiita wapenzi wa magari. Injini ya 504 ina slivu zinazochomoka. Silinda ikilika, huna haja ya kutupa bloku. Unatoa slivu na pistoni, unaweka nyingine, na maisha yanaanza upya. Waliolibuni walitaka litengenezeke. Halafu wewe unakuja na mashine ya kuchomelea, unakata mihimili, unapandikiza injini ya gari jingine, kisha unapiga picha na kuandika "nimelifufua". Hujalifufua. Umevalisha Toyota ngozi ya marehemu.

Vipuri ni kazi, sikatai. Lakini kuna Gerezani, kuna Mtaa wa Kirinyaga kule Nairobi, na kuna wakereza vyuma. Mzee mmoja wa Ilala ninayemwita Babu alijifunza ufundi wakati ambapo kweli hakukuwa na kitu. Baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 nchi ilikauka fedha za kigeni. Ukivunja kipuri huagizi, unachonga. Babu na wenzake walichonga bushi, wakakata gasketi kwa mkasi, wakaziba rejeta kwa risasi. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, magari ya mitumba ya Japani yakaingia, na ikawa rahisi kubadilisha kuliko kutengeneza. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe hupanda daladala la Kijapani kila siku, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini uhaba ulitufundisha kazi, na wingi umeanza kutusahaulisha.

Nilimpeleka Babu Morogoro. Alizunguka gari kimya, akaomba bisibisi, akaanza kugongagonga: kingo za chini ya milango, ndani ya mabawa ya mbele pale shokomzoba zinapofungwa, na shimo la tairi la akiba. Sehemu mbili bisibisi ilizama. Kwingine kote ililia kama chuma. "Hewa ya huku haina chumvi," akasema. Jioni tukatoa plagi, tukamimina oili kidogo kwenye kila silinda, tukaenda kulala. Asubuhi akaweka spana kwenye puli, akaegemea. Ikagoma. Akaegemea tena. Ikazunguka. Mwalimu, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, alisimama.

Mpaka hapo mnaweza kudhani nimeshaamua. Bado. Maana sasa inabidi niwageukie wenzangu tunaojiita wapenzi wa magari ya zamani, nikianzia na mimi mwenyewe.

Wengi wenu mnamjua kobe wangu, Volkswagen Beetle ya mwaka 1972. Picha zake mlizisifia. Ambacho sikuwahi kuandika ni hiki. Nilipanga kutumia milioni tatu, nikatumia saba na ushee. Nilipanga miezi sita, ikawa miaka mitatu. Mwezi wa kwanza, kwa jazba, nilifungua kila kilichofungika na kutupia nati zote kwenye ndoo moja. Nilikuwa nimelinunua Tanga, chumvi ya bahari ilishakula sakafu yote, hasa chini ya betri, nami nikampa kazi fundi maiko aliyejaza puti juu ya kutu na kupaka rangi inayong'aa. Masika ya kwanza tu rangi ikavimba kama maandazi. Tukakata upya, nikalipa mara ya pili.

Na ili kulipa mara ya pili nilichukua pesa ya ada ya mdogo wangu, nikijiambia nitairudisha mwisho wa mwezi. Sikuirudisha. Alizuiwa kufanya mtihani, akaurudia mwaka uliofuata. Hajawahi kunisema hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenisema. Kwa hiyo mnaposifia picha zile, jueni kuna mtu mwingine aliyezilipia.

Mimi angalau nilimaliza. Zungukeni Upanga, zungukeni Chang'ombe, chungulieni kwenye nyua. Mtaona Mercedes limekalia matofali. Mtaona Land Rover lina turubai na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Muulize mwenyewe kama anauza. "Siuzi, nitalitengeneza." Lini? "Nikitulia." Miaka kumi hajatulia. Taa zake zingeponya gari jingine. Vioo vyake, mlango wake, usukani wake vinatafutwa na mtu Mbeya au Arusha anayetengeneza kweli. Lakini mapenzi ya bwana huyu hayaruhusu. Analipenda mno kulitengeneza, na analipenda mno kulitoa. Kutu haina habari na mapenzi yake.

Nasema hivi, na mnirushie mawe: mkata chuma chakavu ana adabu kuliko sisi. Yeye kazi anayoianza anaimaliza. Na chuma chake huyeyushwa, kikawa nondo, ikajenga nyumba ya mtu. Gari letu lililofunikwa turubai halijengi chochote. Huko ni kuua polepole, halafu tunajiita walinzi wa historia.

Kwa hiyo swali la mchumba wangu ndilo mizani. Suala si kama 504 ni gari zuri au kama nalipenda. Suala ni nani atalimaliza, kwa pesa ya nani, na lini. Mtu asiyeweza kujibu hayo matatu awaachie wenye mizani ya kilo. Mapenzi yasiyo na tarehe ni ukatili.

Nimekaa siku nne na daftari. Majibu yangu ni haya.

Pesa ya nani? Yangu, na si ya mtu mwingine. Ada ya mdogo wangu imeshalipwa hadi muhula wake wa mwisho, risiti anayo yeye. Sikopi. Kobe namuuza. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Roho inaniuma, lakini mwenye chumba kimoja cha kupanga akiwa na magari mawili ya zamani, la tatu linakuja, na la nne, na huko ndiko nyua zenye kuku zinakozaliwa. Mteja mmoja ameshaonyesha nia, ni daktari kijana, na nimemwambia ukweli wote kuhusu puti.

Nani atalimaliza? Babu, akiwa na vijana wawili wa mtaani kwake ambao nitawalipa posho kila Jumamosi washike spana huku yeye akielekeza. Hili ndilo lililonivuta kuliko gari lenyewe. Macho ya Babu yanafifia. Kabureta anaitegesha kwa sikio. Aliniambia njiani tukirudi, basi likiwa Chalinze: "Mwanangu, hii kazi naiweza mwaka huu. Mwakani sijui." Ukiua 504 moja, umeua gari moja. Babu akiondoka bila kumwachia mtu, magari yote yaliyobaki yanabaki na mafundi maiko. Hakuna duka la Gerezani linalouza sikio la Babu.

Kwa utaratibu gani? Bodi kwanza. Kutu itakatwa, haitafunikwa. Injini ni ile ile iliyozunguka asubuhi ile. Kila nati kwenye mfuko wake, na jina juu. Hakuna rangi mpya, hakuna rimu za kung'aa, hakuna picha hapa mpaka gari lisimame kwa breki zake lenyewe.

Na lini? Miezi 18 kuanzia Jumamosi hii, siku litakayopandishwa kwenye lori Morogoro. Ikifika siku hiyo gari halitembei, nalitoa bure kwa yeyote anayeweza kulimaliza, na kama hayupo, nalifungua kipande kwa kipande wapewe wenye 504 zinazotembea. Nimeandika hadharani ili mnishike shati.

Nilimsomea mchumba wangu daftari lote. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akakuta miezi 18 haifiki kwenye kalenda ya mwaka mmoja. Akaandika tarehe kwenye ukuta wenyewe. Mwenye nyumba akiuliza, nitajua la kumwambia.

Nawe ndugu yangu mwenye turubai uwani: kwenye ukuta wako kumeandikwa tarehe gani? Kama hakuna, kuna kijana mahali fulani anatafuta mlango wa kushoto. Mpigie.

Naomba kutoa hoja.