Ndimu Iacheni kwa Samaki

Ukitoka Makadara ukateremka hadi Ndia Kuu hapa Mombasa, imani ni ileile: pesa ya zamani sharti ing'arishwe kabla haijaonyeshwa mnunuzi. Rupia ya babu ikipatikana ndani ya kasha, kwanza huitishwa ndimu na chumvi. Zikishindwa, yaja majivu, kisha dawa ya meno. Rupia inameta, mwenyewe anachekelea, na bei yake imeshakwenda na maji ya karo.

Imani hii najua imetoka wapi. Sisi ni watu wa dele. Dele la kahawa likifanya weusi ni aibu ya mwenyewe, na sinia ya shaba husuguliwa kwa ukwaju kabla wageni hawajabisha hodi. Lakini dele ni chombo cha kazi na shaba yake ni nene. Sarafu uhai wake wote uko juu juu, kwenye chapa. Ndimu hula shaba. Majivu na dawa ya meno hukwaruza fedha.

Tazama rupia ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya William Mackinnon. Iligongwa Birmingham, kwenye kiwanda cha Heaton, ndiyo maana ina herufi H. Ina mizani na ina jina la mji wetu. Muhuri ulipoipiga, fedha ilisambaa kwa vijistari vyembamba mno visivyoonekana kwa jicho tupu. Ikiwa haijaguswa, iinamishe polepole chini ya taa: mwanga utazunguka juu yake. Huo ndio mng'ao wa kuzaliwa. Ukiisugua, vijistari vinasawazishwa, na kinachobaki ni kumeta kusikotembea. Mjuzi hahitaji hata darubini. Anaigeuza mara moja, anairudisha mezani, anauliza bei ya kitu kingine.

Na ule weusi unaotukera? Ni salfa ya hewani iliyoshikana na fedha, utando mwembamba tu, na wapo wanaoulipia zaidi ukitulia vizuri. Adui wa kweli huku pwani ni ule ukijani wa ungaunga unaoila shaba kwa chumvi ya bahari. Huo nao hautibiwi kwa ndimu. Mpelekee anayejua.

Hali ya sarafu husomwa palipoinuka, kwa kuwa ndipo panapoliwa kwanza. Kwenye shilingi ya simba ya enzi za Mfalme George, angalia nyusi za mfalme na manyoya ya simba. Kama yamelika kwa kupita mikononi mwa watu miaka ishirini, hiyo ni haki yake. Itapata daraja la chini, lakini daraja halali. Ikiwa manyoya yamelika na uwanda unang'aa kama kioo, hapo pana mkono wa mtu.

Imani ya kung'arisha ina ndugu yake: kwamba mwaka wa zamani ndio bei. Reale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, na iliendelea kugongwa kwa mwaka huohuo hadi karne ya 20, Vienna, Roma, London na Bombay. Aliyonayo bibi yako huenda ni ndogo kwa umri kuliko bibi mwenyewe. Na ile peni ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla mwaka haujaisha, watu huinong'oneza kama siri ya utajiri. Ziligongwa kwa mamilioni. Isiyotumika kabisa ina wateja wake. Iliyochakaa ni ya watoto kuchezea bao.

Nitaambiwa watalii wanapenda inayong'aa. Kweli, na hulipa bei ya kikumbusho, sawa na wanavyolipia kinyago. Anayelipa bei ya rupia hatafuti kung'aa. Hutumia kipimo cha Mmarekani William Sheldon cha 1949, kuanzia 1 hadi 70, na kampuni kubwa za upimaji zimejenga kazi yao juu yake. Ukiwapelekea rupia iliyokwisha kupita kwenye ndimu, hawaipi namba. Wanaifunga ndani ya plastiki na kuandika juu yake kwamba imesafishwa, na maneno hayo yatakwenda nayo kwa kila mnunuzi atakayefuata.