Ilani ya Watengeneza Vitabu wa Bukoba na Muleba

Sisi wachoraji, washonaji, walimu na mafundi wa Bukoba na Muleba tumechoka kumsubiri mchapishaji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwa hili hili, alimaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945. Riwaya ikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35! Hatuwalaumu Tanzania Publishing House, maana ndio walioichapisha. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba kazi haiwi kitabu mpaka ipite kwa mchapishaji.

Kwetu karatasi, mshono, mpangilio wa kurasa na uzito mkononi vyote vinasema. Waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walilijua hilo zamani waliponakshi misahafu kwa wino mweusi na mwekundu. Mwaka 1963 Ed Ruscha wa Los Angeles alitoa nakala 400 za kijitabu cha picha za vituo vya mafuta, basi. Maktaba ya Bunge la Marekani ikakikataa, naye akatangaza jaridani kwamba kimekataliwa. Tumempenda kwa hilo.

Tutaanza na lubugo, kitambaa cha gome la mti. Gome la mtuba huchunwa msimu wa mvua, mti ukafungwa majani ya mgomba uote gome jipya. Lile lililochunwa hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka litanuke, kisha jua huligeuza rangi ya udongo mwekundu. Penye kovu la tawi hutoboka, nalo tundu hushonewa kiraka. Kiraka hicho hatutakificha: kitakaa katikati ya ukurasa na maneno yakizunguke. Kofia za lubugo za kuuzia watalii zimetosha.

Kitabu chetu cha kwanza ni cha tetemeko lililotukumba 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Kuta zenye nyufa bado zipo, ila zinapigwa plasta kila mwaka. Tutaweka karatasi juu ya ufa na kuisugua kwa mkaa, ufa ujichore wenyewe. Tutaanzia Hamugembe, Bukoba, nyumba moja ukurasa mmoja. Maneno ataandika mwenye nyumba, kwa Kihaya au Kiswahili, au auache mtupu akipenda. Kihaya si kigeni kitabuni: Amakuru ga Kiziba ya F. X. Lwamgira ilichapwa na wachapaji wa Rumuli mwaka 1949.

Tunawaita mafundi viatu wenye sindano za ngozi, akina mama wasuka mikeka, na vijana wa steshenari wenye mashine za kopi. Wapo kati yetu wanaodai kopi ya mashine si sanaa. Wameshindwa kwa kura.

Nakala ya kwanza ya kila kitabu haitauzwa, haitawekwa kwenye kioo, wala haitapelekwa Dar es Salaam au Ulaya. Itazunguka shuleni Bukoba na Muleba mpaka ichakae. Ikichakaa, tutashona nyingine.