Tusianze na Majina ya Vyuma

Katika ziara za kukagua mazoezi ya kufundisha tumezoea kuona somo la kazi likifundishwa kwa chaki peke yake. Mwanachuo huchora mtambo ubaoni, huandika majina ya sehemu zake kumi au kumi na mbili, huwaagiza watoto wanakili, na kengele hulia. Andalio la somo aghalabu huwa safi: lengo limeandikwa, zana zimetajwa, maswali ya kupima yapo. Lakini mtoto akiulizwa siku ya pili chuma kile hufanya nini, na kikikataa kufanya kazi atajuaje, hana la kusema. Maoni yetu ni kwamba kasoro haiko katika uhaba wa zana, kama inavyodaiwa mara nyingi, bali katika mahali somo linapoanzia. Somo la kazi lapaswa kuanza na kitu kilichokataa. Sababu zifuate, na majina yaje mwishoni, yatakapohitajiwa.

Ili tusibaki hewani, tumechagua kazi moja ya mfano, nayo ni kubadili stata ya gari nyumbani, mbali na gereji. Tumeichagua kwa makusudi. Fundi wa gereji amekwisha kuifanya mara nyingi hata mikono yake hutangulia mawazo yake. Mwenye gari anayeifanya uani kwake, akiwa na spana chache, tochi na mita ndogo ya umeme, hulazimika kufikiri kila hatua. Hiyo ndiyo hali ya mtoto darasani, na ya mwalimu wake pia.

Tuseme gari la petroli limelala uani. Asubuhi mwenyewe anazungusha ufunguo, injini haizunguki. Walio wengi hutamka papo hapo, "Stata imekufa," na fedha za kununulia nyingine huanza kutafutwa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kwanza taa kubwa ziwashwe, kisha ufunguo uzungushwe huku mtu mwingine akizitazama. Zikififia karibu ya kuzimika, yafaa kushuku betri au vichwa vyake. Ikisikika sauti ya "ta-ta-ta-ta" ya haraka, hapo pia betri ndiyo hushukiwa kwanza. Taa zikibaki na nguvu zake na ikasikika "ka!" moja tu, uchunguzi unasogea kwenye stata, nyaya zake nene na njia ya umeme ya kurudi. Pasipo sauti yoyote, huenda umeme mdogo wa kuiamuru stata haufiki, na hapo hutazamwa swichi ya ufunguo, fyuzi, na kwa magari yanayojibadilishia gia yenyewe, ile swichi inayozuia injini kuwaka gari likiwa kwenye gia. Na stata ikizunguka kwa mlio mwembamba bila kuizungusha injini, basi kigurudumu chake chenye meno hakishiki. Yote haya yamejulikana kwa macho na masikio, wala hapajafunguliwa nati hata moja.

Mita ikiwapo, kazi inanyooka zaidi. Betri ya gari iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 au chini yake, karibu imekwisha, na si haki kuilaumu stata. Wakati wa kuzungusha injini volti hushuka, lakini katika joto la kwetu zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata watu wazima. Watasema, "Betri ni nzima, mbona taa zinawaka?" Balbu ya taa kubwa yenye wati 55 hutumia umeme usiofika ampea 5. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde zile chache. Kichwa cha betri kilichoota ukungu mweupe, au waya ulioliwa na kutu, huweza kupitisha umeme wa taa na kushindwa kabisa kupitisha wa stata. Kwa hiyo mtu mwenye busara husafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na msasa kabla ya kuingiza mkono mfukoni.

Iko pia desturi ya kuigonga stata kwa nyundo. Mara nyingine gari huwaka, na mgongaji huonekana mganga. Sababu ni ya kawaida tu: kaboni zinazopeleka umeme ndani ya stata zimekwisha na hazigusi vema, na mtikisiko huzirudisha mahali pake kwa muda. Lakini stata nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu zilizogandishwa ndani ya ganda lake, nazo hupasuka kwa kugongwa. Mwalimu anayeijua sababu ataweza kueleza kwa nini dawa ilifanya kazi jana na leo imeua.

Swali tunalolipenda kupita yote ni hili. Mtoto wa Darasa la VI aliyefundishwa sakiti ya umeme anajua kwamba balbu huhitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi. Mwonyesheni stata. Ataona waya mmoja mnene unaotoka kwenye betri, na mwingine mwembamba wa kupokea amri ya ufunguo. Waya wa kurudi uko wapi? Mwacheni ahangaike. Jibu ni kwamba ganda lenyewe la stata, chuma cha injini, na waya mfupi unaounganisha injini na bodi na betri, ndivyo njia ya kurudia. Akilijua hilo, ataelewa kwa nini stata mpya kabisa hukaa kimya ikifungwa juu ya kutu na uchafu, na kwa nini fundi stadi, kabla ya kuifungua, hushika waya mnene mmoja akaunganisha upande hasi wa betri moja kwa moja na chuma cha injini. Injini ikizunguka kwa kufanya hivyo, stata haina hatia.

Swali hilo halihitaji gari darasani. Betri mbili za tochi, balbu ya tochi, kipande kimoja cha waya na kopo tupu vyatosha. Waya utoke kwenye betri hadi kwenye balbu, na umeme urudi kupitia kopo. Balbu ikiguswa mahali penye rangi, haiwaki. Rangi ikikwanguliwa kwa msasa, inawaka. Tumeona darasa lenye kelele likinyamaza kwa ajili ya kopo la rangi.

Turudi uani. Ikithibitika kwamba stata ndiyo mbovu, kuna utaratibu wa kuitoa, na kila hatua ina sababu yake. Gari huwekwa mahali tambarare, breki ya mkono ikivutwa na magurudumu yakizuiwa. Upande hasi wa betri hufunguliwa kwanza. Kwa nini si chanya? Kwa sababu spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imeunganishwa, umeme wote wa betri hupita ndani ya spana hiyo, na mkono wenye pete huungua vibaya. Waya mnene wa stata aghalabu hauna fyuzi ya kuokoa mtu. Wakati wa kurudisha, hasi ndiyo ya mwisho.

Kuna magari ambayo stata hufikiwa kwa juu, na mengine ni lazima kuingia chini. Kwa hayo ya pili hatutaki kuzungumza kwa upole. Jeki ni ya kuinulia gari tu. Mtu asiingize hata bega chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Matofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Vijana wanaotoka Darasa la VII na kwenda kuwa saidia fundi hujifunza kazi kwa kushika tochi na kutumwa spana. Anayewaeleza sababu ni nadra. Mwalimu wa msingi huenda akawa mtu wa mwisho kuwaambia neno hili wakiwa bado wanasikiliza.

Yaliyobaki ni mepesi. Nyaya huchorwa mahali zilipo kabla ya kufunguliwa. Bolti huwa mbili au tatu, na ya mwisho ifunguliwe huku mkono umeikamata stata, maana ina uzito. Vikiwapo vibati vyembamba kati yake na injini, virudishwe kama vilivyokuwa. Stata mpya ilinganishwe na ya zamani, meno kwa meno, tundu kwa tundu.

Na hiyo ya zamani isitupwe. Katika stata nyingi za Denso zilizofungwa kwenye magari ya Toyota, kinachokwisha mara nyingi ni vipande viwili vya shaba ndani ya swichi ya sumaku ambayo mafundi huiita solenoidi. Sumaku huvuta, ile "ka!" husikika, lakini shaba iliyoliwa haipitishi umeme. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na stata nzima.

Wako wenzetu watakaosema kwamba mwalimu si fundi. Ni kweli, wala hatumtaki awe fundi, na hatupendekezi hata kidogo watoto wabadili stata. Fundi aalikwe darasani, lakini mwalimu azungumze naye mapema, ampangie aeleze anavyosikiliza na anavyokisia. Fundi asiyeandaliwa atasema "hii imekufa" na somo litaishia hapo. Wengine watasema hii ni kazi ya wavulana. Tumeona wasichana wakihesabu meno ya kigurudumu cha stata, 9, na kukokotoa kwamba kwa gurudumu la injini lenye meno 108 kitazunguka mara 12, huku wavulana wakigombea kushika nyundo. Hoja ya tatu, kwamba watoto wetu hawana magari, hatuioni kuwa na uzito. Sumaku, sakiti na mashine rahisi zimo katika masomo yao, na zote tatu zimo ndani ya ganda hili moja.

Ugumu wa kweli ni kuipata stata yenyewe. Stata mbovu ina shaba, na shaba huuzwa kwa kilo, kwa hiyo fundi hatatupa bure. Mwanachuo aiazime kwa juma moja, aifute grisi, aiweke mezani pasipo jina lolote ubaoni, na aifungue mbele ya watoto siku ya tatu, baada ya kukisia kwao kwisha. Vipande vihesabiwe vikitoka na vihesabiwe vikirudi, maana vijisumaku hupendwa sana na mifuko. Na siku iliyoahidiwa airudishe mwenyewe gereji, kwani muhula ujao tutahitaji nyingine.