Hindi likishakomaa, shambani linangoja nini?

Wakulima vijana, leo tubishane kidogo. Kwenye kata ninazozunguka, ukimuuliza mkulima atavuna lini, jibu ni lile lile: "Bado, bwana shamba, nayaacha yakaukie shambani." Basi mahindi yanasimama mwezi, miezi miwili, mabua yanaanguka, na mwenyewe yuko mjini anasikilizia bei.

Msimamo wangu ni huu: tarehe ya kuvuna ni siku hindi lilipokomaa, siyo siku lilipokauka kama jiwe. Kukausha ni kazi ya nyumbani. Ukiliachia shamba kazi hiyo, mshahara wake analipwa mdudu.

Najua hoja zenu. Turubai ni hela, vibarua ni hela, pa kuanikia hakuna. Ni kweli kabisa. Lakini gharama hiyo unaiona na unaweza kuipanga. Hasara ya mahindi yaliyochelewa huioni mpaka mnunuzi afungue gunia.

Sasa utajuaje kwamba yamekomaa? Wengi wanaangalia majani, na majani yanadanganya. Ukame au ugonjwa unaweza kuyakausha kabla punje haijajaa. Ingia katikati ya shamba, siyo pembeni, chukua mahindi matano au sita sehemu tofauti. Menya, pukuchua punje za katikati ya hindi, kisha kwangua kwa kucha kile kitako kilichoshika gunzi. Ukikuta doa jeusi, punje imeshafunga. Haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea, uzito wake hauongezeki hata ukisubiri mpaka Krismasi.

Hapo unyevu bado uko kwenye asilimia 30 hadi 35, kwa hiyo siyo mahindi ya kutia kwenye gunia. Kama una kichanja kizuri, anza kuvuna. Kama huna, yape wiki mbili za jua, siyo miezi miwili.

Kwa nini naharakisha? Kwa sababu wadudu wa ghalani hawaanzii ghalani. Fukusi anaruka kutoka kwenye mahindi ya zamani mpaka shambani. Jike anatoboa punje, anataga yai ndani, halafu anaziba tundu. Wewe unavuna hindi unaloliona zima, kumbe umebeba kizazi kizima kwenda nacho nyumbani. Mwenzake ni dumuzi, wengine mnamwita scania. Huyu ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, na hapa kwetu Tabora ndiyo ilikuwa ya kwanza kumjua. Anapenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zimeshikiliwa na anapata pa kujiegemeza anapotoboa. Ndiyo maana nasema usirundike mahindi na magunzi yake miezi mitatu. Yakikauka vizuri, pukuchua.

Punje iliyotobolewa ni mlango wa kuvu, na kuvu ndiyo inayoleta sumukuvu. Hapa siyo suala la faida tu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na chanzo kilikuwa mahindi. Mwaka 2016 watu wetu wa Dodoma na Manyara walikufa pia. Kupika ugali hakuiondoi sumu hii, na dawa ya kuua wadudu haiigusi.

Kwenye biashara napo mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Zuio lilipolegezwa siku chache baadaye, sharti mojawapo lilikuwa cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Kijana anayeota kuuza nje ya mpaka asione hili ni jambo la maofisa. Linaanza shambani kwako.

Kwenye kuanika, tumia turubai, usimwage chini. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, jioni funika umande usirudishe unyevu. Toa punje zilizooza, zilizovunjika na zenye rangi ya kuvu. Na acheni kupiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, mnavunja punje wenyewe kisha mnamlaumu mdudu.

Huna kipima unyevu? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, bado usishangilie. Kwa kuhifadhi muda mrefu lenga 13, kwa hiyo anika tena kidogo.

Kuna wanaoniambia mahindi mabichi yana uzito mzuri kwenye mzani. Tupige hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikishuka hadi 13 zinabaki kama kilo 94. Umepoteza kilo sita za maji. Ukiyahifadhi na maji hayo, unahatarisha kilo zote 100.

Mwisho ni ghala. Safisha, toa mabaki ya msimu uliopita, mzigo mpya usikae pamoja na wa zamani. Ukitumia dawa, iwe ile iliyosajiliwa kwa nafaka ya kuhifadhi, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Dawa ya nyanya siyo dawa ya mahindi. Mimi binafsi napendelea mifuko isiyopitisha hewa: kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, wadudu wanakosa pumzi. Ila mfuko huo haukaushi mahindi. Ukitia mabichi, utatoa yaliyooza.

Bei ya kusubiri ni nzuri, sikatai. Lakini subiri ukiwa na mahindi makavu ghalani, siyo yaliyosimama shambani yanaliwa. Wiki hii nenda kakwangue punje, kisha uniambie umekuta doa la rangi gani.